Swali la Kumi na Nne

"Mwenyewe," baba mdogo Mboje alisema, akijikuna kisigino kwa ncha ya fimbo. "Mjukuu wangu Salu mwenyewe ndiye aliyekataa shule. Andika hivyo, Justina mwanangu."

Kidole changu kilisita juu ya kishikwambi. Lilikuwa swali la kumi na nne: nani aliamua mtoto aache shule? Nilikuwa nimerudi Nkololo na timu ya watafiti wa uchumi, kujua kila kaya inavyopima saa za kuchota maji na saa za darasani. Modeli yetu, yaani hesabu za kompyuta zilizotokana na majibu hayo, ingeonyesha vitongoji ambako maji ndiyo yanayowatoa watoto shuleni. Huko ndiko kisima kingechimbwa kwanza.

Jibu lile nililijua. Miaka kumi na sita nyuma, baba yangu alipofariki, Mboje alisimama mbele ya mwalimu mkuu, mkono wake begani kwangu, akasema vilevile: mwenyewe hataki. Nilikuwa darasa la sita, wa pili kati ya watoto themanini. Tangu hapo nikawa mtu wa kufukua mchanga wa mto mkavu, asubuhi na jioni, nikingoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe ili ndama wake wanywe na watoto wake waoge waende shule. Shangazi wa Dutwa aliponichukua, utosi wangu ulikuwa umeota upara kwa ndoo. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wote, wala sikuona haya.

Ningeweza kumwambia, baba mdogo, sema kweli, kisima kinategemea neno lako. Nilitabasamu tu.

"Una uhakika, baba?"

"Kabisa. Watoto wa siku hizi wakaidi sana."

Nikabonyeza: mtoto mwenyewe. Majirani zake nao, kwa kuogopa faini ambayo mtendaji wa kijiji huwatoza wanaoachisha watoto shule, walijibu hivyohivyo, nami sikumsahihisha hata mmoja.

Matokeo yalipotoka, modeli ilisema kitongojini kwao watoto huacha shule kwa hiari, maji si tatizo. Kisima kikachimbwa ng'ambo ya mto, mbali. Mboje alipanda basi hadi ofisini kwetu Bariadi, kofia mkononi, akanibembeleza nusu saa nzima. Nilimsomea jibu lake polepole, mara mbili, nikamwonyesha mlango. Raha niliyoipata siku ile sijaipata tena.

Mwaka jana, mnadani Dutwa, binti mwenye mtoto mgongoni alipiga magoti kuniamkia. Ilinichukua muda kumtambua kuwa ni Salu. Nilimuuliza habari za nyumbani, akajibu ni njema, kisha akabaki amesimama pale, akimtikisa mwanawe.

"Shangazi," alisema, bila hasira yoyote, "siku ile ulipokuja, wewe na babu mkakaa uani, mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilingoja uniite. Mbona mimi hukuniuliza?"