Mashua ya Mageni

"Thubutu!" Limi alisema, akalikumbatia kopo la rangi.

Mashua mpya ya mgodi ilikuwa juu ya magogo ufukoni, ikingoja kuvutwa majini. Ni mumewe, Mageni, aliyeiunda tangu ubao wa kwanza. Mti wa mwisho aliokuwa akiukatia mbao zake ulimwangukia porini, akafa siku hiyo hiyo; wenzake wakaimalizia. Leo Donatus, karani wa mgodi, kaja na agizo kwamba iandikwe jina la meneja aliyestaafu mwaka jana, 1947. Limi alihisi wanamzika mumewe mara ya pili.

"Mama Makoye, usinitie matatani," Donatus alimbembeleza Limi. "Wakubwa ndivyo wanavyoenziwa. Wamarekani wameipa meli nzima ya vita jina la rais wao wa zamani! Muulize Kalisti."

Kalisti, rafiki wa marehemu, alikuwa amechochea makaa melini wakati wa vita. "Kweli, shemeji," alisema. "Lakini waliipa jina hilo alipokwisha kufa."

Limi akageuka. Katika ukoo wao mtoto akilia sana hupewa jina la marehemu, akatulia. Jina la mzee aliye hai hawaligusi, maana ni kumwita kaburini.

"Karani, meneja wako amekufa?"

"Mungu apishe mbali! Yuko Ulaya, mzima kabisa."

"Sasa mnamchimbia kaburi la nini? Haya, shika brashi, uandike wewe! Akiugua huko, sisi hatumo."

Wanaume arobaini waliokuja kuvuta wakaangua kicheko. Kisha, mmoja mmoja, wakaachia kamba na kukaa mchangani.

"Vuteni, jamani!" Donatus akawasihi. "Bwana Mkubwa mpya wa mgodi anafika saa sita!"

"Vuta na meneja wako," mmoja akajibu.

Donatus alilowa jasho. "Mama Makoye, nitafukuzwa kazi!"

"Mimi nimefiwa," Limi akasema. "Kipi kikubwa?"

Limi hakujua kusoma. Alimwomba Kalisti amchoree jina mchangani, kisha yeye akalinakili ubavuni mwa mashua herufi kwa herufi. MAGENI. Ile N ilipinda, akaiacha hivyo hivyo.

Gari la Bwana Mkubwa likasikika mlimani. Donatus akanong'ona, "Kimbia, mama."

"Nikimbie niende wapi? Mwambie nimeandika mimi."

Akawageukia wanaume. "Haya, baba zangu. Mpelekeni majini."

Wakainuka wote, wakashika kamba.