Deni Ambalo Simu Haikulijua

Siku Zaitun aliponionyesha ile programu ya bajeti kwenye simu yake, nilimwambia peupe kwamba simu ndiyo iliyonitia shimoni, sasa ati simu hiyo hiyo ndiyo initoe? Zaitun ana duka la vitambaa karibu na msikiti, Kitale mjini, na mimi ni fundi wa kushona sare za shule, kwa hivyo tumezoeana hadi matusi. Alicheka, akanisogezea kiti, akasema Lenah kaa chini uache kelele. Nilikaa, maana sikuwa na pengine pa kwenda.

Shida yetu ilianzia shambani. Mume wangu Wabwile ni fundi wa matrekta, na ukitengeneza trekta za watu miaka yote, siku moja unajiambia na wewe ni mkulima. Akakodi ekari za watu, akakopa kwa kampuni moja ya mikopo hapa mjini, akaweka rehani hati ya ploti yetu ya Kibomet. Hiyo ploti ndiyo kila kitu. Ndipo nyumba ilipo, ndipo cherehani yangu ilipo, ndipo wasichana wetu wawili, Sharon na mdogo wake, wanapolala. Mahindi yalizaa, yakazaa ya kila mtu, bei ikaanguka, na magunia yetu yakaoza yakingoja mnunuzi. Kulipa kampuni tukakopa kwa simu. Kulipa simu tukakopa kwa simu nyingine. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi hata hiyo harusi hatukuiona. Afisa wa mikopo alituambia bila kuzunguka: deni liishe Desemba, la sivyo ploti inapigwa mnada.

Basi nikaiweka hiyo programu. Inasoma jumbe zako za pesa, kila shilingi inaitafutia kisanduku chake: hii ya unga, hii ya karo, hii ya kulipa deni. Kisanduku kikiwa na nafuu kinakuwa kijani, kikizidiwa kinakuwa chekundu. Nikaandika kila deni tulilokuwa nalo, la kampuni, la simu, la duka, hata la mwalimu wa kanisani aliyetukopesha nauli. Michango ya matanga sikuona pa kuiweka, nikaitia kwenye kisanduku cha burudani, na kila mwezi programu ikawa inanisihi nipunguze burudani. Nilikuwa naijibu kwa sauti, peke yangu jikoni, nikiiambia iende ikamwambie marehemu asife.

Lakini sitasema uongo, ilifanya kazi. Ilipiga hesabu ikaniambia tukishikilia vile vile, Desemba tunamaliza. Mategemeo yote yalikuwa ni ng'ombe wetu mmoja wa maziwa, Friziani mwenye madoa, ambaye asubuhi na jioni maziwa yake yalienda kwa hoteli moja pale stendi. Pesa ya cherehani ilikuwa yetu ya kula. Pesa ya maziwa ilikuwa ya kampuni, haiguswi. Nikageuka askari nyumbani kwangu. Nilikata sukari, nikakata kredo ya simu ya mume, nikaacha chama cha akiba. Baba Sharon akitaka soda namuonyesha simu. Hakulalamika, ndivyo alivyo, maneno yake ni ya kupima. Visanduku vikaanza kuwa kijani kimoja baada ya kingine, na nilikuwa na furaha ya kijinga, naona haya hata kuitaja. Nilikuwa naifungua simu hata nikiwa sina cha kuandika, nitazame tu.

Halafu wifi yangu Nelima akapiga kutoka Naitiri.

Nelima ni dada pekee wa Wabwile, ameolewa kwa kina Wekoye, wakulima kama wengine wote huko. Alisema kijana wake Levi ameomba kisu mwaka huu, Agosti. Nilijua maana yake kabla hajafika mwisho. Kwetu Wabukusu kijana wa kutahiriwa lazima aende kwa mjomba wake, ndugu ya mama, siku moja kabla. Mjomba anamchinjia fahali, anakata ukanda wa nyama ya kidari, anamvika shingoni, anamwambia maneno ya kuwa mwanamume. Kijana asipovikwa, ni kama mama yake hana kwao. Na mjomba wa Levi ni mmoja tu duniani, naye alikuwa pale kibarazani akisafisha kabureta.

Sikumpa Wabwile simu. Mimi mtoto wa misheni, nimezaliwa Lugulu, baba yangu mzee wa kanisa. Kaka zangu walipelekwa hospitali asubuhi, jioni wakanywa chai, hakuna mjomba aliyechinja hata kuku. Nikamwambia Nelima, wifi, dunia imebadilika, mpeleke hospitali ya misheni, hapo ni safi, daktari, dawa, na gharama kidogo. Nilijitayarisha kwa vita. Nelima akasema sawa. Akasema hata baba yake Levi anataka hospitali kwa sababu ya magonjwa. Nikakata simu nikiimba. Niliona nimeokoa ploti kwa dakika chache za maneno matamu. Wabwile nilipomwambia, aliniangalia muda, akarudi kwa kabureta yake.

Kumbe nilikuwa nimebadilisha kisu tu. Agosti ilipofika, Nelima akapiga tena akiwa na furaha zake, akasema hospitali wamepewa Ijumaa, kwa hivyo kwa mjomba ni Alhamisi, wanakuja wote na pikapu. Ningesema nini? Ningemwambia simu imekataa?

Niliifungua programu nikatafuta fahali. Nilichukua hapa, nikapunguza pale, nikahamisha karo, nikahamisha unga, na kila nilipogusa palikuwa pekundu. Hatukuwa na pesa ya fahali. Hatukuwa na pesa ya kondoo. Wabwile nilipomuuliza atafanya nini, alisema yeye ni mjomba. Basi. Nilimgombeza siku hiyo mpaka jirani akaja kuazima chumvi ambayo hakuihitaji. Nilimwambia mila haitatulaza ndani mvua ikinyesha. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

Nikaamua kutumia akili zangu. Jumatano nilienda buchari, nikanunua kidari, nikamwomba muuzaji anikatie ukanda mrefu usiokatika. Nilinunua na kilo kadhaa za mchanganyiko kwa wageni. Kwenye programu nikaandika nyama, kisanduku cha chakula, na kikawa njano, bado si chekundu. Njano tungeweza kuivumilia. Nyama ni nyama, nikajiambia. Atavikwa, atapigwa picha, ataenda nyumbani.

Alhamisi asubuhi njuga zilisikika tangu barabarani. Levi alikuwa mbele, kifua wazi, amepakwa unga, njuga mikononi, anaimba huku sauti imeshaanza kukauka. Umri wake ni miaka kumi na minne, na uso ulikuwa mzito kama wa mtu mzima. Nyuma yake vijana, akina mama, na Nelima katika gauni jipya nililomshonea mimi mwenyewe miezi nyuma, nikamtoza nusu bei. Pembeni yake alikuwa Senge Nakhungu, shangazi ya Wabwile, mzee wa fimbo, ambaye hajapanda pikapu tangu siku alipomzika mumewe lakini hii alipanda.

Waliingia, wakacheza, vumbi likapanda. Majirani wakajaa kwenye ua, Kiplangat mwenye ng'ombe wengi wa upande wa pili akiwa wa kwanza. Wabwile alitoka amevaa koti la kanisani. Mimi nikatoa sinia na ule ukanda wa nyama juu yake, nimeusafisha vizuri.

Senge Nakhungu akauliza mnyama yuko wapi. Nikamwambia, Senge, nyama ndiyo hii, nyingine iko jikoni, karibuni ndani. Akauliza tena, polepole, mnyama alisimama wapi. Njuga zikanyamaza. Nikaeleza. Nilieleza mikopo, nilieleza Desemba, hata nikatoa simu mfukoni nikamwonyesha visanduku, mzee wa watu ambaye macho yake hayaoni hata sufuria vizuri. Nilikuwa naongea haraka na nilijua kwamba naongea haraka.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila hasira yoyote:

"Mwanangu, wewe ulipoolewa, ng'ombe zilizoenda kwenu Lugulu zilitoka wapi?"

Nikasema zilitoka kwa Wabwile.

"Wabwile alikuwa na ng'ombe gani? Alikuwa na baiskeli. Hizo ni ng'ombe za Nelima. Kina Wekoye walizileta kwa sababu ya Nelima, zikalala kwetu usiku mmoja, kesho yake zikaenda kukutoa wewe. Huyu mtoto anaomba moja tu."

Nilimtazama Nelima. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta unga kwenye bega la mtoto wake, na niliona kwamba alilijua hilo siku zote, miaka yote niliyomwita wifi na kumtoza nusu bei nikijiona mwema. Mimi sikuwahi kuuliza. Baba yangu, pamoja na Biblia yake, alizihesabu hizo ng'ombe akazifungia zizini, na mimi nikiwa nyumba ya ndani nilisikia fahari tu.

Levi alikuwa bado amesimama. Hakulia, lakini kidevu kilikuwa kinamcheza, na vijana wenzake walikuwa wameanza kutazama chini. Kijana akirudi shingo tupu, hata huyo daktari wa misheni hatamfuta aibu.

Wabwile aliondoka mbele ya watu akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata. Alikuwa anafungua kamba ya ng'ombe wetu. Nilimshika mkono. Nilimwambia, "Baba Sharon, hii ndiyo nyumba unafungua." Nikamwambia hata watoto wako hawajui watalala wapi. Alisema, "Najua." Hakunisukuma. Alingoja tu mpaka vidole vyangu vikaachia vyenyewe, kwa sababu kweli nilikuwa nimeona kile kidevu.

Ng'ombe wa maziwa hachinjwi kwa kazi hiyo, kwa hivyo alimpeleka kwa Kiplangat wabadilishane. Kiplangat si mtu mbaya, ila mtu akikujia na haraka huwezi kukataa faida. Alitoa fahali mdogo mweusi na nyongeza kidogo ya pesa, na hiyo nyongeza akanitumia kwa simu pale pale. Mkopo wa simu ukamega chake kwanza. Kilichobaki programu ikakisoma, kisanduku cha mapato kikawa kijani kibichi, na maneno yakatokea: Hongera, umevuka lengo la mwezi huu. Nilitaka kuitupa simu chooni. Niliirudisha mfukoni kwa sababu mikopo ilikuwa bado humo ndani.

Fahali alisimama uani, kila mtu akamwona, Senge akampapasa mgongo kwa fimbo, akaridhika. Wabwile akachinja, akakata ukanda, akamvika Levi. Ndipo nikamsikia mume wangu akiongea. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja, kwa Kibukusu, kwa sauti ya juu, damu ikimtiririka kwenye koti la kanisani. Alimwambia mtoto asimame, asitikisike, asiache watu wake. Akina mama wakapiga vigelegele. Na mimi nikapiga, Mungu anisamehe, nikapiga huku machozi yananitoka, na watu wakadhani ni furaha.

Kabla ya kupanda pikapu, Nelima alinikumbatia muda mrefu. Hakusema lolote kuhusu ng'ombe. Alinishukuru kwa chai.

Walipoondoka nilimkuta Wabwile amekaa kwenye ndoo mbele ya zizi. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilimuuliza, wakati ule tunaandika madeni yote, kwa nini hili hakulitaja, si tungelipanga kidogo kidogo kama mengine.

"Ningesemaje, Mama Sharon?" akasema. "Ningekuambia uandike jina lako?"

Nilikaa chini kwenye nyasi. Tulikuwa hapo hapo wasichana waliporudi kutoka masomo ya likizo wakauliza ng'ombe yuko wapi.

Septemba hatukulipa. Oktoba tulilipa nusu kwa pesa ya cherehani, tukala mboga za kienyeji bila mafuta. Wabwile alitafuta vibarua mpaka Endebess, na mimi nilienda mara mbili kwa ile kampuni kuomba muda, mara ya pili wakaniacha nisimame koridoni mpaka wakafunga. Programu ikawa nyekundu juu hadi chini, na Desemba ikasogezwa, ikasogezwa tena, mwishowe ikaacha kunipa tarehe. Zaitun alisema niendelee kuandika tu, angalau nijue nilipo. Nilijua nilipo.

Novemba afisa alikuja Kibomet na mtu wa kuthamini nyumba. Walipima chumba kwa chumba kwa futi, wakapiga picha jiko langu na choo changu. Maneno makali nilikuwa nimeyaweka tayari, lakini nikajikuta nawapisha mlangoni na kuwapa viti. Afisa akatoa fomu zake akaziweka kwenye meza ya cherehani. Aliuliza kwa upole, kama daktari, ikiwa kuna deni lingine lolote tunalodaiwa na mtu yeyote, nje ya yale aliyonayo hapo.

Nikamwambia hapana, lingine tulilipa Agosti.