Barua ya Ng'ombe wa Luhende

Nilikuwaga na hasira za karibu, nakiri. Ukikaa kibarazani Musoma na mashine ya chapa tangu asubuhi, ukiwaandikia watu barua za kuomba kazi, uvumilivu unaisha kabla ya wino. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, na kila mtu alitaka kuacha alichokuwa nacho akashike kingine.

Luhende alishuka kwenye lori la pamba kutoka Bunda. Mfugaji asiye na mfugo: ugonjwa ulikuwa umemaliza zizi lake lote. Kinu kimoja cha pamba huko kwao kilitafuta mtunza ghala. Akiikosa kazi ile, alisema, baba mkwe anamchukua mkewe Nyamburi, anamrudisha Butiama.

"Ulikuwa na ng'ombe wangapi?" nikamuuliza. "Waone kwamba unajua kutunza."

"Dada, ng'ombe hawahesabiwi."

"Sasa ulijuaje kama wamerudi wote?"

"Jioni nilikuwaga nasimama mlangoni mwa zizi. Asiyekuwepo namjua."

Makubwa haya! Watu walikuwa wamejaa benchi, wananisubiri. Nikapiga: ng'ombe arobaini na wawili. Hajui kusoma, nikawaza, itamdhuru nini? Akapokea bahasha kwa mikono miwili, akanishukuru.

Wiki haikuisha, akarudi. Karani wa kinu, Bwana Burito, alikuwa amemsomea barua mbele ya watu. Luhende aliposikia ile namba akasema, "Huyo si mimi," akatoka nje.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Alikaa tu kwenye benchi langu.

"Dada Lukresia, umenihesabia ng'ombe. Hata waliokufa."

Na mimi ni mtu wa Butiama, mwiko ule nimekua nao. Bibi yangu alikuwa akituchapa tukinyoosha kidole kuhesabu ndama. Shule ya misheni na haraka ya mjini vilikuwa vimenisahaulisha. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nisamehe, kaka," nikasema, nikaweka karatasi mpya. "Nitajie mmoja mmoja."

Akafumba macho. Mwekundu mwenye baka begani. Wa pembe moja, mkali kwa wageni. Yule aliyezaliwa siku ya mvua ya mawe. Nilipiga chapa taratibu, na kibaraza kikajaa. Nasema kikajaa, usinibishie. Upepo wa ziwani ulinuka maziwa na samadi, mwekundu akapita akigusa meza yangu, na watu kwenye benchi wakavuta miguu kupisha. Sijui saa zilikwenda wapi. Alipofumbua macho alikuwa analia, na mimi pia.

Luhende akaipeleka kinuni, Burito akaisoma yote. Kisha akampeleka Luhende ghalani atazame magunia, akamtoa nje. Mchana akamrudisha.

Luhende akasimama mlangoni.

"Yule mwenye kiraka cha kaniki, aliyelala karibu na nguzo, ametoka."

Burito mwenyewe ndiye aliyekuwa amelificha gunia lile. Kazi akampa palepale.

Nyamburi hakurudi Butiama. Ndiye aliyekuja kunipa habari, anacheka huku anajifuta machozi kwa kanga.

Nakala ya barua ninayo bado, kurasa tatu. Watu huniuliza ng'ombe wale walikuwa wangapi. Sijui. Kila nikiisoma nasimama mlangoni tu, naangalia kama wote wamerudi.