Posa Iliyopelekwa Kamatini

Mihayo, mtoto wa kaka yangu, alitoka Makerere na shahada, akapelekwa Uingereza kusomea utawala. Mwaka 1955 alirudi kwetu Mhunze na koti zito ambalo kwa jua letu lilikuwa adhabu, na maneno matatu mapya: ajenda, kamati ndogo na kuahirisha. Akawa katibu wa halmashauri ya mtemi, na maneno hayo akatufundisha sisi wazee kama anafundisha dini.

Lambo la kunyweshea ng'ombe lilipobomoka, tulikuwa tumekwisha shika majembe. Mihayo akatuzuia. Kwanza kamati ndogo ikague, kisha ilete taarifa, kisha taarifa ijadiliwe. Maji yakaenda zake tukiwa bado tunajadili. Mzee Januari, ambaye ng'ombe wake ndio waliokuwa wakinywa pale, akawa anayarudia maneno ya Mihayo polepole, na mimi sikukupenda kuyarudia kule.

Sasa, msichana ambaye Mihayo alimtaka, naye akamtaka Mihayo, alikuwa Limi, binti wa Januari huyohuyo. Mihayo alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Geita mwisho wa mwezi, na Pantaleo, mfanyabiashara wa mpunga wa Kahama, alikuwa amekwisha leta posa yake. Mshenga wa Mihayo nikawa mimi, baba yake mdogo, na goti langu bovu.

Januari alitupokea vizuri, mimi na Mihayo, akatupa viti, akakohoa.

"Ajenda iko wapi?"

"Tumekuja kuposa, mzee mwenzangu," nikasema. "Mahari tuko tayari kutoa."

"Jambo zito hilo. Naunda kamati ndogo. Mashangazi watamkagua mwombaji, walete taarifa. Naahirisha."

Nilimtazama Mihayo, jasho linamtiririka ndani ya koti.

"Ana haki, baba mdogo," akanong'ona. "Utaratibu ndivyo ulivyo."

Nilitamani kumchapa fimbo palepale.

Tuliporudi kwa Januari, shangazi mmoja alikuwa kaenda mnadani, kwa hiyo kikao hakikutimia. Tukarudi tena. Taarifa ikasomwa, ikakataliwa kwa sababu haikueleza kama mwombaji anaweza kulima. Siku za uhamisho zinakaribia, Pantaleo anangoja, na Mihayo hali chakula. Nilimhurumia, ingawa alijitakia mwenyewe.

Jioni hiyo tulifika nyumbani tukamkuta Limi uani kwa mama yake Mihayo, anatwanga. Alikuja na mkeka wake na chungu chake, kama mke aliyekwisha hamia.

"Shikamoo, baba," akaniambia, na mchi haukusimama.

"Marahaba. Umetumwa na kamati?"

"Kamati bado inakaa. Mimi nimechoka kukaa."

Asubuhi Januari akaja na ndugu zake, kila mmoja na fimbo. Niliogopa, sisemi uongo. Akamtazama binti yake, akautazama unga uliokwisha chekechwa, akamgeukia Mihayo.

"Huko chuoni kwenu," akasema polepole, "jambo likishatendeka kabla kikao hakijaamua, mnafanyaje?"

Mihayo akanyoosha koti lake. "Tunaandika kwamba ndivyo tulivyokusudia tangu mwanzo."

Januari akaketi kwenye kinu kilicholazwa, akacheka mpaka fimbo ikamponyoka.

"Sasa kwa nini hukutufundisha hilo kwanza? Haya, andika. Ukimaliza, vua hilo koti. Lambo bado liko vilevile."

Mihayo akafungua mdomo, nadhani alitaka kuuliza habari za taarifa ya ukaguzi. Limi alikuwa amekwisha mletea jembe.