Safu ya Mwisho ya Gazeti la Mzee Zamel

"Jua lilikuwa limezama?"

Nilikuwa nimeshika mpini wa mashine ya kuchapia, vidole vimeingia wino alioweka marehemu mume wangu kwa mkono wake. Nilidhani sikusikia vizuri. Tangu tumzike Nicodemus nilikuwa nimeulizwa mambo mengi: alikuwa akiugua nini, shamba la Kitale linabaki kwa nani, kama nimekula. Hilo hakuna aliyeuliza.

"Lini, Mzee?"

"Alipokata roho. Lilikuwa limezama ama bado?"

Niliangalia ile karatasi ya nta iliyokuwa bado kwenye taipu yake, ikingoja kuvishwa ngoma ya mashine, jina la mume wangu likiwa limepigwa taipu chini kabisa, na mbele yake nafasi tupu.

Lile gazeti lilianzishwa na baba yake Mzee Zamel, siku ambazo Wayahudi wa Nakuru walijaza sinagogi yao mpaka wengine wakasimama mlangoni. Wakulima wa Molo na Njoro, wenye maduka, daktari wa meno. Lilikuwa na kurasa za kutosha wakati huo: nani amejifungua, nani anaoa, bei ya ngano, duka gani limepokea vitambaa. Nicodemus, mtoto wa fundi wa reli, aliajiriwa kufagia, akaishia kuwa mchapaji. Kufikia hapo wasomaji wengi walikuwa wamekwisha kuhama, na magazeti mengi yalienda posta, Haifa na London.

Aliponioa lilikuwa limebaki karatasi moja. Tulikuwa tukiikunja pamoja mezani kwetu Rhonda, yeye akinikemea nikikunja vibaya. Kila mwaka kitu kilitoka. Matangazo yalitoka kwa kuwa maduka yaliuzwa. Harusi zikatoka, hapakuwa na wa kuoana. Mwishowe ikabaki safu ya chini, ile ya wafu. Hapo Mzee aliandika jina la marehemu na siku yake ya kukumbukwa, ili ndugu zake popote walipo wawashe mshumaa. Siku yenyewe haifuati kalenda ya ukutani. Inafuata mwezi wa angani, na kwao siku mpya huanza giza linapoingia. Kwa hiyo mtu wao akifa, swali la kwanza la Mzee lilikuwa lile lile. Nicodemus akirudi nyumbani alikuwa akicheka: "Watu wanalia, yeye anauliza habari ya jua."

Baada ya mazishi nilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Nilipika ugali wa watu wawili, nikala wa mmoja. Niliimba kanisani, sauti ikatoka, nikaisikia kama ya mwenzangu. Machozi sikuwa nayo. Kipketer, askari wa geti la Mzee, alipokuja kuniita, nilivaa kitambaa nikamfuata. Kwenda na kukaa kwangu vilikuwa kitu kimoja.

"Anataka kutoa la mwisho, Mama Valarie," Kipketer aliniambia njiani. "Macho yamekwisha. Na ile mashine yake, mwenye kuijua sasa ni wewe tu, uliyefundishwa na mumeo. Mimi ikiniona inakwama."

Sasa nilikuwa mbele yake, na jina lile.

"Mzee, huyu alikuwa mtu wa kanisa."

"Mimi sijui? Miaka yote hiyo amekunywa chai yangu na amekataa samaki wangu."

"Sisi hatuombei wafu. Mtu akienda, ameenda kwa Bwana."

"Sijakuambia uombe, mama. Nimekuuliza jua." Alipapasa meza akashika kichupa cha ile dawa nyekundu ya kufunikia makosa. "Ukisema hapana, nafunika jina. Sitakasirika."

Nilijua yatakayonipata. Nyakio, mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani, alikuwa ameshanichokoza mbele ya wenzetu: "Truphosa na watu wake! Keshokutwa atatuambia tuje ibada Jumamosi." Walicheka, lakini yeye hakucheka. Jina la mume wangu likitoka pale, ningevuliwa uongozi wa maombi ya Jumatano, na hayo maombi ndiyo kitu pekee kilichokuwa kikinitoa kitandani.

Mzee alifungua kichupa. Harufu yake kali ikajaa chumba.

"Ngoja," nilisema.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Hata siku ile niliangalia, ila sikuwa nimepata wa kumwambia. Dirisha la wodi lilitazama upande wa Mau. Milima ilikuwa imeshakuwa myeusi na juu yake pamebaki mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. Nicodemus aliomba maji. Nilipogeuka na kikombe, ule uzi haukuwepo tena, na yeye pia hakuwepo. Nilibaki nimeshika kikombe. Nje nyota zilikuwa hazijatoka, na uso wake niliuona bila taa.

Nilimweleza Mzee hivyo hivyo, polepole. Maji yakaja machoni, yakakaa hapo hapo, hayakushuka.

"Basi ni katikati," alisema, sauti chini. "Katikati, baba yangu alikuwa akiandika siku inayoingia."

Akafunga kichupa. Akahesabu kwa midomo, akaipiga tarehe kwa vidole viwili. Mimi nikaivisha karatasi kwenye ngoma, nikazungusha mpini.

Habari zilimfikia Nyakio, kama nilivyojua. Walinipumzisha. Siku hizi nakaa benchi la nyuma, na kutoka pale nawaona wote. Siku ya Nicodemus ilipofika sikuwasha mshumaa. Nilisimama tu mlangoni nikiangalia Mau, mpaka ule uzi ukakatika.

Juzi asubuhi nilikuwa naosha vyombo, simu ikalia. Kipketer.

"Mama Valarie, mzee ametuacha. Jana." Alikuwa anaongea mbiombio. "Sasa sijui nianzie wapi. Polisi wamekuja wameenda, funguo ziko na mimi, watu wake wa London hawashiki simu..."

"Pole sana, Kipketer."

"Asante. Sasa hizi funguo..."

"Jua lilikuwa limezama?"

"Ati nini?"

"Alipokata roho. Lilikuwa limezama ama bado?"

Nikasikia kiti kikivutwa, naye akikikalia kwa uzito.

"Ngoja nikueleze," alisema.

Nilifunga mfereji nisikie.