Vumbi Alilorudi Nalo

Mtaa mzima ulimwita Baba Kasuku, na jina hilo hakulipata kwa jambo lolote alilofanya yeye. Alilipata kwa bintiye, ambaye tangu siku alipoweza kuunganisha maneno mawili hakufunga tena mdomo. Mtoto alisema na kuku wa jirani, akasema na ndoo, akasema na muuza mkaa mpaka mtu wa watu akasahau ni nyumba ipi aliyokuwa anakwenda. Hata usingizini alisema. Mama yake alikuwa akiwaambia wageni kwamba pale kwao redio ni ya kazi gani, wakati wanayo inayokula ugali.

Baba mwenyewe alikuwa mzito wa kusema. Alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, nyuma ya ukuta mrefu mwisho wa mtaa. Betri zilifika kwa malori, zikapasuliwa kwa mashoka, maji yake makali yakamwagwa mferejini, na vile vipande vizito vya kijivu vilivyokuwa ndani vikatiwa kwenye tanuru. Yeye ndiye aliyelisimamia tanuru. Alikoroga, akaengua taka za juu, akamimina. Ni kazi ya kutazama, si ya kupiga domo, na ilimfaa.

Jioni alirudi nyumbani na ovaroli yake mwilini, kwa kuwa pale kiwandani hapakuwa na pa kuogea wala pa kubadilishia nguo. Kasuku alimsubiri mlangoni. Akimwona tu, humkimbilia, akamkumbatia mguu, akaugandamiza uso wake kwenye suruali na kuanza kumpa habari za kutwa: nani kaanguka, nani kapigwa, paka wa nani kazaa. Baba alimsikiliza huku akimpapasa kichwa. Akishavua viatu, mtoto huviingia, akaviburuza chumba kizima. Ovaroli ilifuliwa katika beseni moja na magauni yake. Hakuna aliyewaambia wasifanye hivyo, nao hawakuona sababu ya kuuliza.

Lini hasa mtoto alianza kupungukiwa na maneno, hakuna aliyejua. Kwanza alianza kulia tumbo. Zahanati wakampa dawa ya minyoo. Akaacha kula, wakampa dawa ya malaria. Akawa mtu wa hasira za ghafla, kisha mtu wa kujilaza sakafuni mchana kweupe, akichokoa rangi ya ukuta kwa kucha na kuitia mdomoni. Majirani walisema labda amerogwa, wengine wakasema amedekezwa. Mama akasema anakua, watoto hubadilika. Lakini jioni moja Baba Kasuku aliingia ndani, akavua viatu, akakaa, akanywa maji, na ndipo alipogundua kwamba hakuna aliyemwambia kitu chochote. Mtoto alikuwa ameketi pale pale miguuni pake. Alikuwa akimtazama tu.

Walikwenda hospitali kubwa. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimpima mtoto uzito, akamwomba aonyeshe pua, aonyeshe sikio, ataje kilicho kwenye picha. Kasuku aliitazama picha ya ng'ombe kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akapasahau. Daktari akatuma damu maabara. Majibu yalipotoka aliwaita wote wawili, akafunga mlango.

"Mtoto ana risasi mwilini," alisema.

Mama alimvuta Kasuku, akaanza kumpekua mgongo na mbavu, akitafuta tundu. Daktari akamshika mkono taratibu. Akaeleza kwamba si risasi ya bunduki, ni madini, ile metali laini ya kijivu. Ikiingia kwa vumbi au kwa moshi hukaa kwenye damu na mifupa, na kwa mtoto mdogo hupanda mpaka kwenye ubongo. Akauliza kama nyumbani kuna mtu anayefanya kazi na rangi za zamani, au betri.

Baba Kasuku alikuwa amevaa shati safi siku ile. Hata hivyo aliitazama mikono yake, akaona wino wa kijivu uliojificha kwenye mikunjo ya vidole, ule ambao sabuni ilikuwa imeshaukatia tamaa miaka mingi. Akaificha chini ya meza. Alijibu kwa sauti ndogo mno, daktari akamwomba arudie.

Daktari hakumlaumu. Alisema kiwanda ndicho kilichotakiwa kumpa mahali pa kuoga, nguo za kubaki kazini, na dohari ya kutolea moshi yenye chujio. Alisema dawa ipo ya kuteremsha kiasi kilichomo kwenye damu, lakini haitasaidia kitu mtoto akirudi kwenye vumbi lile lile. Mama akauliza swali ambalo baba hakuthubutu kuliuliza: yale maneno yatarudi? Daktari akasema baadhi yatarudi. Hakusema yote, nao hawakumbana.

Kaka yake mama alikuwa anaishi mji mwingine, mbali na viwanda, na alikubali kuwapokea. Ikaamuliwa baba abaki mpaka apatikane wa kuchukua nyumba na yeye apate kazi nyingine, maana familia ingekula nini. Asubuhi ya safari alioga, akajisugua kwa jiwe mpaka ngozi ikamwasha, akavaa shati lililotoka kwa dobi. Kwenye kituo cha basi mama alimnyooshea mtoto ili amuage. Baba alirudi nyuma hatua moja, mikono nyuma kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Mshike tu," mkewe alimwambia. "Umeoga."

"Siku nyingine," alijibu.

Basi likaondoka. Kasuku alikuwa ameegemeza paji lake kwenye kioo, akiangalia kitu kingine.

Nyumba ilibaki kubwa kuliko ilivyokuwa. Alipika kwa sufuria ndogo na bado kilibaki. Alijikuta akifungua mlango polepole asije akamgonga mtu aliyesimama nyuma yake. Jirani akicheka upande wa pili wa ukuta, alitega sikio kumsikiliza anacheka nini. Mkewe alipopiga simu walizungumza habari za dawa na vipimo, kisha simu ikawekwa sikioni mwa mtoto. Baba alisema hujambo mama, baba hapa. Akasikia pumzi. Alikuwa anasikiliza pumzi hizo mpaka simu inakatwa, halafu anabaki ameshikilia kile kidude sikioni.

Kazini alimwendea msimamizi, akamweleza yote bila kutia chumvi, akaomba jambo moja, wajengewe bafu na chumba cha kuacha nguo. Msimamizi alimsikiliza vizuri, akampa pole, akasema atalifikisha juu. Huko juu lilikofikishwa halikushuka. Alipouliza mara ya pili aliambiwa watoto huumwa popote, na kwamba yeye ni mfanyakazi mzuri, asianze kuwatia wenzake hofu.

Wenzake nao walikuwa wameshalisikia. Saa ya chakula walikuwa na desturi ya kukaa kwenye magogo chini ya kivuli cha ukuta, wakitaniana. Bonge, mpasua betri mwenye kitambi na kicheko cha kusikika mpaka barabarani, ndiye aliyekuwa akiwachekesha wote. Sasa Baba Kasuku akija, mazungumzo yalikatika. Mmoja angekumbuka ana shughuli, mwingine angehama gogo. Mwishowe Bonge ndiye aliyempasulia.

"Kaka, mimi nina watoto wanne," alimwambia. "Wakifunga hapa, wewe utawalisha?"

Baba Kasuku alichukua bakuli lake akaondoka. Alikula chakula chake amesimama upande wa tanuru, ambako hapakuwa na mtu wa kumhama.

Haukupita muda mrefu unga ukamwagika. Msimamizi alimwambia wanapunguza watu, na katika kupunguza wakaanza na kuishia naye. Akapata kibarua cha kupakua mbao kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kazi ya kuvunja mgongo, lakini jioni alirudi akinuka msonobari, na hilo lilimpa nafuu ambayo hakuweza kumweleza mtu.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo yeyote aliyemjua asingelidhania. Alianza kupiga hodi nyumba za watu. Kila alipopata nafasi alikwenda, mlango baada ya mlango katika ule mtaa uliogusana na ukuta wa kiwanda, akasimama kizingitini na kusema maneno yale yale, kwa kigugumizi cha mtu asiyezoea: mtoto akilia tumbo bila sababu, mpelekeni hospitali kubwa, mwombeni daktari apime damu, mwambieni mnakaa karibu na kiwanda cha betri. Wengine walimkaribisha kiti, wakaitikia ndiyo, ndiyo, wakamsindikiza. Wengine walimjibu mlango ukiwa nusu. Mama mmoja muuza mboga, aliyepanda mchicha wake kandokando ya mfereji, alimwambia kuwa ana uchungu wa kufukuzwa kazi, sasa anataka kila mtu alie pamoja naye. Mwenye nyumba wake akamwita pembeni, akamwomba aache kuuchafua mtaa, wapangaji watakimbia. Baba Kasuku alifikiri kwamba huo mtaa hajauchafua yeye peke yake, lakini kwa kuwa sehemu yake alikuwa ameifanya, na kwa mikono yake, alimwitikia tu, akaendelea na milango yake.

Watoto wakaanza kumkimbia wakimwona. Aliwaona wakichungulia kwenye pembe za nyumba, wakiambiana mzee wa risasi huyo anakuja. Alirudi kwake, akasafisha. Alikuwa ameambiwa na daktari afute kwa kitambaa chenye maji, asifagie kikavu, naye alifuta kuta, dirisha, miguu ya kitanda. Kila mara kitambaa kilitoka na kijivu.

Jumapili moja mchana alisikia hodi. Bonge alikuwa amesimama nje, kofia mkononi, kitambi kimepungua. Hakuingia alipokaribishwa. Alisema mwanawe wa mwisho, yule aliyekuwa ameanza kutembea, ameacha kutembea. Alisema wametoka hospitali.

"Ni hiyo hiyo," alisema. "Ni hiyo hiyo yako."

Watu wangedhani Baba Kasuku angejisikia angalau amethibitika kuwa mkweli. Alijisikia kama amepigwa tena mahali pale pale. Alimshika Bonge bega, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti pekee, akamtilia chai, yeye akakaa sakafuni. Bonge alilia kwa sauti, bila haya, kama alivyokuwa akicheka. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu basi liondoke kwa nyumba ile kuwa na watu wawili.

Kwa Bonge watu walifungua milango. Yeye alikuwa mtu wao, tena alikuwa bado anavaa ovaroli ya kiwanda alipokuja kuwaambia. Akina mama walianza kupanga foleni hospitalini na watoto migongoni, na muuza mboga alikuwa miongoni mwao. Daktari yule aliandika kwa wakubwa wake, wakubwa wakaja na watu wa mazingira wakachota udongo, maji ya mfereji, na mchicha. Baadaye tanuru lilizimwa. Dohari ikasimama bila moshi, na kwa mara ya kwanza ndege walionekana wamekaa juu yake.

Hakukuwa na shangwe. Wanaume walikaa vibarazani mchana, mikono mitupu. Baadhi yao walimpa Baba Kasuku kisogo kama zamani, safari hii kwa sababu nyingine. Bonge alihamia kwa wakwe zake na mtoto ambaye bado alibebwa. Mwenye kiwanda, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, hakuonekana. Wataalamu walisema udongo uondolewe, lakini hakuna aliyesema nani ataubeba, wala upelekwe wapi.

Baba Kasuku alimrudishia mwenye nyumba ufunguo. Nguo zake zote aliziacha, kama daktari alivyomshauri, akapanda basi na shati jipya na mfuko mwepesi.

Shemeji yake alimpokea vizuri, akampa chumba cha uani. Mkewe alikuwa amekonda na kujifunza kushona. Kasuku alikuwa amerefuka. Aliketi juani akipanga vifuniko vya chupa, akamtazama mgeni, kisha akarudi kwenye vifuniko vyake. Hasira zilikuwa zimepungua, tumbo limepoa. Maneno aliyokuwa nayo yangeenea kwenye kiganja: maji, hapana, mama, moto, basi.

Daktari wa huko alimweleza baba kwamba dawa imefanya sehemu yake, na kilichobaki ni kumsemesha. Asemeshwe kutwa, ataje vitu, asimuliwe, hata kama hajibu. Mkewe alikuwa na cherehani na hakuwa na muda. Basi kazi ikawa yake, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa msikilizaji.

Alianza kwa shida. Alimenya viazi akataja viazi, kisu, ganda. Alisita, akaona haya, akamwangalia shemeji kama anamcheka. Baadaye alizoea. Akifua, alieleza anavyofua. Akikaa, alimsimulia habari za magogo na mbao, za mtu mmoja mnene aliyeweza kucheka mpaka mkanda ukakatika, za paka wa nani kazaa huko walikotoka, ingawa paka hao hakuwahi kuwaona na ilibidi awatunge. Sauti yake ilikauka, akanywa maji, akaendelea. Ndani, cherehani ilisimama mara kwa mara, kisha ikaendelea. Mtoto alipanga vifuniko, akavivuruga, akavipanga. Jua lilihama kutoka ukuta huu kwenda ule. Baba akamweleza hilo nalo, kwamba jua limehama, na kwamba sasa itabidi wahamishe mkeka.