Gitaa la Shemeji

Fundi aling'oa mfupa unaobeba nyuzi, akatoboa tundu dogo chini yake, akapitisha waya wa kinasa sauti mpaka tumboni mwa gitaa. Mume wa dada yake alikaa kwenye stuli akimwangalia. Dada mwenyewe alisimama karibu na mlango, mkoba kifuani, ingawa kiti kingine kilikuwepo.

"Taratibu, shemeji. Hiyo ni mboni ya jicho langu."

"Usijali. Mkono mzito nimeuacha nyumbani."

Gitaa lilikuwa zuri, lakini nyumba njema si mlango. Mbao hutunza zilichosikia, na kinasa sauti hukitoa nje; kila fundi wa kazi hii analijua hilo. Huyu alikwisha kutengeneza gitaa la baa lililokohoa, na la kanisani lililopiga chafya katikati ya kila wimbo. La shemeji lilikuwa limetundikwa miaka yote ukutani kwenye korido, mkabala na chumba cha kulala.

Alichomelea nyaya, akatia betri, akakaza nyuzi, akaunganisha na spika. Alipogusa uzi wa kwanza, sauti ya dada yake ikatoka, ya chini na iliyochoka.

"Nifungulie. Nifungulie nikamzike mama yangu."

Fundi alipiga uzi wa pili, ikasema vilevile. Siku ya mazishi shemeji alikuja peke yake. Akauambia ukoo mzima kwamba mkewe amegoma kuja, na ukoo ukaamini. Fundi naye aliamini, akamnyima dada yake hata salamu.

Shemeji alikuna kidevu.

"Huo mvumo hautoki? Jumamosi nina harusi."

"Unatoka," fundi alisema. Akamgeukia dada yake. "Dada, usirudi. Kaa na mimi, nafasi ipo."

"Watoto wangu wamefungiwa ndani," dada alijibu. "Na funguo ziko mfukoni mwake. Utoe tu, mdogo wangu."

Shemeji alitazama saa.

Fundi akapunguza besi, akapunguza sauti za kati, kisha akashika kitufe cha kukata mvumo na kukizungusha kidogo kidogo, sikio likiwa karibu na spika. Sauti ikawa nyembamba. Ikabaki "nifu", ikabaki pumzi, ikaisha. Mikono yake ilifanya kazi vizuri siku hiyo, na aliichukia.

Shemeji alijaribu wimbo mmoja, akatabasamu. "Mikono yako ina baraka." Akatangulia kutoka, dada akafuata. Mlangoni dada aligusa bega la fundi, basi.

Harusini watu walisema hawajapata kusikia gitaa safi namna ile.

Sauti iliyokatwa ilibaki ndani ya spika ya fundi. Alichomoa waya wa umeme, lakini iliendelea. Wateja walizoea. Mzee mmoja mpiga gitaa, akisubiri nyuzi zake, aliisikia ikiomba, akainuka akaufungua mlango wa duka mpaka mwisho, kisha akarudi kuketi.

Baada ya hapo fundi alichukua bisibisi, akafungua kitasa, akakitupa. Mlango ulikaa wazi, jua na mvua. Sauti iliendelea kuomba ifunguliwe.